Laurencia Akinyamaza Juu ya Mti

Mshauri wangu Hosiana, salamu nyingi kutoka Mbulumbulu. Kabla sijaleta shida yangu ujue kwanza unaongea na nani. Mimi ni Mzee Patrisi, na katika Karatu nzima, kuanzia geti la Ngorongoro mpaka kule Mang'ola kwenye vitunguu, hakuna mti uliowahi kunishinda kuupanda, na sijaanguka tangu mama yangu aliponizaa. Uliza yeyote. Au basi, usiulize, maana wataanza kukuhadithia habari za mpera wa padri, na huo mpera haukuwa mrefu kuliko wewe ukisimama juu ya kiti, nikaanguka, mkono ukavunjika, na tangu hapo kazi yangu ni ya chini, nashika kamba. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na wambea. Mshika kamba ni mimi, mpandaji ni Laurencia, na ni kwa ajili ya Laurencia naomba msaada wako, maana huu mdomo wangu, ambao ndio mali pekee niliyotoka nayo Singida, sasa unataka kumwangusha mtoto wa watu.

Laurencia ni binti wa jirani yangu Martha, Wairaqw wa hapahapa tangu mababu. Mimi ni Mnyaturu, nililetwa huku na kazi za mashamba ya ngano nikiwa kijana, nikasahau kurudi. Tangu akiwa mdogo ananiita babu na mimi namwita mke wangu, kama ilivyo kwa babu na mjukuu, na mama yake hana neno. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta nimeruka nukta ujue sikuiona, wewe endelea tu.

Sasa huyu binti, mshauri, anapanda miti kama kazi. Mkaratusi ukiegemea nyumba ya mtu, anaitwa Laurencia. Matawi makavu yakining'inia juu ya mahema ya loji wageni wanapolala, anaitwa Laurencia. Kahawa ikikosa jua kwa sababu miti ya kivuli, migrivea, imefunga juu, ni yeye. Alijifunza Arusha kwa wale wanaopanda miti mirefu kukusanya mbegu, akarudi na mkanda wa kuvaa kiunoni na mapajani, kofia ngumu, kamba nene za kueleweka, na sheria moja anayoisema kama sala, kwamba hufungui chuma cha kamba hii kabla hujafunga chuma cha kamba ile. Hata akifika mahali ambapo mimi na wewe tungeweza kukaa tukanywa chai, hafungui. Vijana wa hapa wanamcheka kwamba amejifunga kama punda wa maji. Yeye anawajibu, "Punda wa maji hufika nyumbani."

Nimemwona akishusha tawi zito kama dume la ng'ombe, amelifunga kamba, mimi nimeizungusha kamba kwenye shina la mti mwingine ili isinikimbie, na lile tawi likapita katikati ya mapaa mawili ya mabati na kutua kwenye kabichi za mwenye nyumba, na kabichi moja tu ikalia. Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wengi wakifanya kazi wanazozijua, wapiga plau, wajenzi, madereva wa kuteremka mpaka kreta wakati wa mvua, lakini kumtazama yule binti akiwa juu ni kama kumtazama mtu anayesuka mkeka, hana haraka, kila mkono unajua zamu yake. Haya mambo sijawahi kumwambia. Ndiyo shida yenyewe, ngoja nifike.

Sisi wawili tuna namna yetu ya kufanya kazi. Akiwa juu mimi huku chini namchokoza bila kupumzika, na yeye hunijibu bila kupumzika. Nitasema, "Mke wangu, ukishuka uniletee yai la kunguru." Atasema, "Babu, ziba mdomo kabla sijauziba kwa tawi." Nitasema, "Tawi lenyewe unalikata leo au tunasubiri lizae?" Atasema, "Panda wewe, na hayo magoti yako yanayolia kama mlango wa zizi." Watu wanaopita wanadhani tunagombana. Sisi tunajua kwamba akijibu, yuko salama. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno, ilikuja yenyewe. Na akikaa kimya basi amenuna, atajibu baadaye, maana hakuna jambo lingine la kumnyamazisha Laurencia ila kununa. Hivyo ndivyo nilivyoamini, mshauri, na ndiyo maana nakuandikia.

Tulikuwa na kazi upande wa Oldeani, kwenye shamba la kahawa, kupogoa mti mkubwa wa msesewe. Asubuhi njiani nilimtania kuhusu Dominic, kijana mmoja dereva wa watalii, ambaye alikuwa ameahidi kuja kusalimia kwao Jumapili, wakachinja kuku, na hakuja. Nikamwambia kuku amekufa bure, afadhali angekuwa hai angemwoa yeye. Alinuna. Mpaka tunafika shambani alikuwa hajasema neno. Akavaa mkanda, akakagua kamba, akapanda. Alipofika juu sana nikaanza kazi yangu, nikapaza sauti, "Huko juu unaliona gari la Dominic?" Kimya. Nikasema, "Angalia vizuri, labda amekwama na wazungu kwenye bwawa la viboko." Kimya. Wafanyakazi wa shamba wakaanza kucheka, na mimi mtu akicheka nakuwa kama redio iliyowekewa betri mpya, nikaendelea, sitaki kukuandikia yote niliyosema. Kumbe shina lilikuwa na tundu upande wa nyuma, na alipoweka mguu pale nyuki walitoka, wakamjaa usoni, masikioni, ndani ya kofia, na mtu mwenye nyuki usoni hafungui kinywa. Mwenzio anaumwa na mimi namuuliza habari za Dominic.

Kamba ndiyo iliyoniambia. Ilitetemeka mkononi kama kamba ya ndama anayefungwa mara ya kwanza, na ndipo nikaona anapigapiga shina kwa kisigino. Nikamshusha, polepole kama alivyonifundisha, ingawa nyuki walikuwa wamenifikia na mimi. Alipogusa ardhi macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Nilidhani atanitukana. Alisema tu, "Babu, nilikuwa nakusikia wakati wote."

Alitibiwa, uvimbe ukaisha. Akarudi kazini. Lakini sasa anafika usawa wa paa la nyumba, mikono inakakamaa. Atasema kamba imechakaa, nimeikagua, ni nzima. Atasema upepo, na moshi wa jikoni kwa watu umesimama wima. Anashuka, anakunja vitu vyake, anamwambia mwenye kazi atarudi. Siku moja tunatoka mnadani, tunatembea, akaniuliza bila kunitazama, "Babu, niambie kweli. Mimi bado ni mpandaji?" Na mimi, mshauri, kabla akili haijaamka mdomo ulishajibu, nikasema, "Wewe? Hata kitanda unakipanda kwa ngazi." Zamani angenirushia kiatu. Safari hii alitembea tu mpaka kwao.

Nikaona nirekebishe. Kesho yake nikaenda, nikavua kofia, nikamwambia, "Laurencia, wewe ni mpandaji hodari kuliko wote niliowahi kuwaona." Akaniuliza, "Babu, unaumwa?" Jioni hiyohiyo mama yake Martha akaja na chupa ya uji, akaketi, akanigusa paji la uso, akauliza kama nimeshasema shamba langu atalirithi nani. Ndiyo kusema nikimtania anavunjika, nikimsifu wananiandalia jeneza.

Na ningekaa kimya nikasubiri, maana muda huponya, ila kuna mkaratusi wa kigangoni, kwenye kanisa letu dogo. Umeegemea juu ya chumba cha watoto wa chekechea, na masika yanakuja, na upepo wa huku unaujua, unashuka kutoka msitu wa kreta kama umetumwa. Katekista wetu Josephati anataka ukatwe kabla ya mvua. Laurencia alikwenda kuugonga shina kwa mpini wa shoka, akasikiliza, akasema kwenye panda, pale juu shina linapogawanyika, umeoza ndani, hauwezi kukatwa kutoka chini kwa sababu utaangukia darasa, lazima ushushwe vipandevipande. Basi kuna Vedasto, kijana mwenye mikono kama paka, anapanda peku, panga kiunoni, kamba ya katani begani, na kabla ya kupanda anameza kitu kidogo cha kuchangamsha damu. Amemwambia katekista ataupanda hata kesho. Laurencia anasema Vedasto akiweka uzito wake pale kwenye panda atakuja chini na panda yenyewe. Katekista anasema sawa binti, basi panda wewe. Na yeye hapandi, na hakatai.

Nimewaza nimdanganye kwamba Vedasto anamsema vibaya mitaani, ili hasira impandishe. Nimewaza nimwambie aache kabisa hii kazi, afuge kuku, labda Dominic atarudi. Nimewaza mengi. Ninalotaka ni arudi juu kama alivyokuwa na ashuke akiwa mzima, yote mawili, siyo moja. Sasa wewe unayewasuluhisha wenye ndoa redioni kila Jumamosi, niambie, mtu ambaye maisha yake yote hajui kusema jambo ila kwa mzaha, atamrudishiaje mwenzake moyo?

Wako mwenye masikio bado makubwa kwa uvimbe wa nyuki,
Mzee Patrisi, mshika kamba.


HOSIANA ANAJIBU

Shikamoo Mzee Patrisi. Barua yako nimeisoma hewani yote, na mafundi mitambo wangu wamecheka mpaka nikawatoa nje. Mimi nilicheka mpaka nilipofika kwenye nyuki. Hapo niliacha.

Nianze na la haraka kuliko moyo wa Laurencia. Watoto wa chekechea watoke kwenye chumba hicho leo. Siyo baada ya mvua ya kwanza, siyo baada ya kikao. Wakasomee kanisani, wakasomee kwenye nyumba ya katekista, lakini chini ya mkaratusi uliooza asikae mtoto. Umeandika kurasa nzima na hukumwambia Josephati jambo hili dogo. Nyinyi wote mmeacha hatari ikae pale, kisha mnamkimbiza binti mmoja aiondoe. Watoto wakitoka, mti unaweza kusubiri, na Laurencia anaweza kupumua.

Sasa wewe. Unasema binti amepoteza moyo. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyevamiwa na nyuki juu ya mti akashuka hai, hana upungufu wa moyo. Fikiri alichokuambia alipogusa ardhi. Hakusema nyuki ni wakali. Hakusema mti ni mrefu. Alisema alikuwa anakusikia wakati wote. Yaani yeye alikusikia, wewe hukumsikia. Tangu hapo anapanda mpaka pale ambapo ana uhakika kwamba mtu wa chini atajua akipatwa na jambo, na akivuka hapo mikono inakataa. Mikono hiyo ina akili, Mzee wangu. Usiitukane kwa kuiita woga.

Kwa hiyo kabla hujamtibu yeye, tibu kazi yako. Mimi miti siijui, nikiona kiti kirefu nashikilia meza, kwa hiyo nimempigia Ngoitiko, mtu anayepanda miti msituni kukusanya mbegu, na haya ni yake. Mdomo siyo chombo cha kazi. Unaweza kuzibwa na nyuki, na upepo, na kelele za msumeno, na uchungu. Kubalianeni ishara za kamba, aivuteje akitaka usimame, aivuteje akitaka umshushe, na awe na filimbi shingoni kwa nyongeza. Na ukimwita asipojibu, unamwita tena mara moja tu, kisha unamshusha. Amenuna, hajanuna, unamshusha. Akifika chini kama amenuna mtagombana mkiwa wote mko ardhini, ambapo ndipo mahali pa kugombana. Pia kabla ya siku ya kazi uzungukeni mti jua likiwa limepanda, nyuki wanapotoka na kuingia, mtazame kila tundu. Mkiwaona, aitwe mfugaji wa nyuki kwanza.

Halafu ndipo arudi juu, na arudi kidogokidogo. Siyo mbele ya wateja, siyo mbele ya Vedasto. Mgrivea wa nyumbani unatosha. Yeye ndiye atakayesema leo naishia hapa, na wewe utamshusha bila neno. Nimesema bila neno. Najua nakuomba kitu kigumu kuliko kupanda mpera wa padri. Siku nyingine ataishia juu zaidi. Kama hataki, hapandi.

Hiyo hila yako ya kumchochea kwa uongo wa Vedasto, itupe mbali. Mtu anayepanda kwa hasira anaangalia nyuma kuona nani anamtazama, haangalii anapofunga kamba. Na huyo Vedasto usimfanye adui. Mikono kama ya paka siyo ya kutupa. Mwite, mvishe mkanda, mpe kamba ya pili, aache vya kuchangamsha damu nyumbani. Asipokubali masharti hayo asikaribie mti. Na kama Laurencia mwisho wa yote atasema mti huu siupandi, basi hakuna atakayeupanda, na Josephati atafute gari lenye mkono mrefu kutoka mjini hata kama ni gharama. Kupanda ni uamuzi wa mpandaji peke yake. Kushuka ni haki ya yeyote aliyeona jambo.

La mwisho ni sifa. Umemwambia ni hodari kuliko wote. Hiyo ni sifa ya msibani, ndiyo maana Martha alileta uji. Sifa inayomjenga mtu ni ile ya jambo alilolifanya na wewe ukaliona. Akiwa na nyuki masikioni, je, alifungua chuma cha kamba ajirushe? Nadhani hakufungua, maana angekuwa kaburini. Mwambie hilo. Liseme mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, kisha nyamaza lizame. Baada ya hapo rudi kwenye utani wako, kwa sababu ukikaa bila kutania zaidi ya siku mbili mama yake atakuja na sanda.

Na wewe vaa kofia ngumu. Kichwa chenye mdomo kama huo kinahitaji paa.

Hosiana.


Mshauri Hosiana, nimerudi, na safari hii sina shida, nina taarifa.

Watoto wanasomea kanisani tangu wiki ile uliponisoma hewani. Katekista alikuja kwangu mbio kuliko alivyowahi kwenda kwa mgonjwa anayeomba sala.

Laurencia naye alisikiliza redio, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Alikuja akasimama mlangoni akasema, "Babu, twende kwenye mgrivea wa mama. Na leo sitaki kusikia hata kikohozi." Tukafunga kamba. Alipanda, akaishia chini ya paa, akavuta, nikamshusha. Akapanda tena siku nyingine, akapita paa. Mimi kimya. Hosiana, hujui ulichonitwika. Nilitafuna ukingo wa kofia yangu mpaka ukawa kama ulimi wa mbuzi. Siku aliyofika kileleni kabisa, mahali ambapo tawi ni jembamba kama mkono wangu, alikaa pale akaangalia mashamba ya ngano yote mpaka msituni, kisha nikasikia kutoka juu, "Babu, mbona kimya hivyo? Umekufa?" Nikamjibu kwamba nimekufa na mshauri ndiye aliyeniua. Akacheka mpaka majani yakadondoka.

Lile la chuma nililisema tukiwa tunakunja kamba. Nikamwambia, "Siku ile ya nyuki hukufungua chuma." Akaendelea kukunja. Kisha akauliza, "Ulikuwa unaona?" Nikasema nilikuwa naona, macho yangu ni mazima, mdomo ndio uliokuwa kipofu. Kamba ile aliikunja vibaya, ikabidi aifungue aanze upya, na yule binti hajawahi kukunja kamba vibaya.

Vedasto alikuja. Alikataa mkanda, akasema ni wa wanawake, Laurencia akamwambia sawa, basi kaa mbali kama wanaume. Akakaa mbali kidogo, akatazama, akarudi akauliza unavaliwaje.

Siku ya mkaratusi wa kigangoni, tuliuzunguka kwanza mchana wa jana yake kutafuta nyuki, hawakuwepo, bundi tu. Laurencia hakuwa na haja ya kuukanyaga ule uozo, kamba yake aliitundika kwenye mkaratusi mzima ulio jirani, akawa ananing'inia kutoka ule anakata huu. Nani mwingine angewaza hivyo hapa kwetu? Alipofika usawa wa ile panda iliyooza, alisimama. Nikaona bega lake limekakamaa, lilelile bega la siku zile. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili. Kisha akavuta kamba, ile ishara ya kushushwa. Sikuuliza kitu. Nikamshusha palepale, polepole, mpaka miguu ikagusa nyasi. Watu wote wa kigango wamesimama wanatazama, katekista ameshika rozari. Laurencia akavua kofia, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanywa. Nikamsogelea nikamwambia, "Mke wangu, tukunje vitu twende nyumbani. Mti huu hauna kesi na mtu." Akasema, "Hatuendi popote. Nilitaka kujua tu kama utanishusha."

Akamaliza chai, akapanda tena. Ule mkaratusi ulishuka kipande kwa kipande, panda iliyooza imefungwa kamba mbili, moja kwangu moja kwa Vedasto, ikapita kando ya dirisha la chekechea kama mgeni anayechungulia, ikalala. Ndani yake ilikuwa unga mtupu. Vedasto aliingiza mkono mle mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akautazama, akaenda kukaa peke yake.

Nami nilikuwa nimevaa kofia ngumu, ya njano, wanasema nafanana na boga.

Sasa Hosiana, ulinisema vibaya mbele ya wilaya nzima, hata wauza mbuzi mnadani wananiuliza kuhusu mdomo wangu, na sikukasirika, kwa hiyo nadhani unakubali kwamba nakudai fadhila moja. Ni ndogo. Watu wa huku wana adabu iliyozidi. Laurencia akiwa juu kabisa, msumeno mkononi, anapita mtu barabarani, anasimama, anaanza na salamu ya Kiiraqw, "Saita, Laurencia, mmeamkaje, mama hajambo, ng'ombe je, mahindi yameota?" Na yeye amelelewa vizuri, anaona aibu kutojibu, anageuza shingo, anaanza kujibu habari za ng'ombe akiwa kwenye tawi. Siku ya kigangoni ukoo mzima ulimsalimu hivyo. Mimi nikiwaambia wanasema Mzee Patrisi anatania. Wewe watakusikiliza. Jumamosi, kabla ya taarifa ya habari, watangazie kwamba mtu akiwa juu ya mti hasalimiwi. Salamu zake zote waniachie mimi huku chini, nina nafasi.